Puli: Jifunze Kusimama Kabla ya Kununua Fimbo

Je, umewahi kungoja matatu ijae pale Chuka au Nkubu, ukasikia mlio mkavu, "ta!", ukitoka kwenye chumba cha nyuma ya duka, kisha vicheko vya vijana? Huo ni mlio wa mpira mweupe ukigonga mwenzake juu ya meza ya puli. Ukisafiri kutoka Embu mjini kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, ni nadra kupita kituo cha biashara kisicho na meza hiyo. Iko kwenye mabaa, kwenye vibanda vya mabati kando ya steji, kwenye hoteli za nyama choma, na siku hizi karibu na malango ya vyuo. Chuo Kikuu cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati zake mwaka wa 2013, kile cha Embu kikafuata mwaka wa 2016, na maelfu ya vijana waliojaa miji hii lazima wawe na pa kupitishia jioni.

Familia za Nairobi hupeleka watoto kwenye bolingi, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito ili kuangusha pini 10, ndani ya majumba makubwa ya maduka. Huku chini ya Mlima Kenya mchezo wa ndani ulio karibu na kila mtu ni puli. Kwa hivyo ikiwa una mtoto anayesoma Chuka, au wewe ndiwe mwanafunzi mwenyewe, au unapanga kumtembelea shangazi yako Maua wakati wa Krismasi, mambo haya yanakuhusu.

Tatizo ni kwamba puli ina sifa mbaya, na sifa hiyo haikutoka hewani. Mzazi akisikia kwamba mwanawe ameonekana kwenye meza ya puli, moyo humruka. Huona pombe, huona kamari, huona pesa za matumizi alizotuma Jumatatu zikiyeyuka kabla ya Ijumaa. Wapo waliopoteza nauli, wapo waliopoteza hata karo. Lakini ukikaa kando ya meza hizi kwa muda na kutazama ni nani hasa anayetokwa na pesa, utagundua kwamba mara nyingi si yule anayeupenda mchezo. Ni yule asiyeujua, na ambaye hajui kwamba haujui.

Kwenye meza nyingi za sarafu kuna desturi ambayo haikuandikwa ukutani. Mshindi hubaki mezani, na anayekuja kupambana naye ndiye anayetia sarafu. Piga hesabu. Ukishindwa mara sita, umelipia michezo sita, na mwenzako amecheza jioni nzima bila kutoa hata shilingi. Hiyo ni gharama ya kawaida na haiui mtu. Hatari huanza baadaye.

Fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka Chuka siku ya Ijumaa kwenda nyumbani Maua. Mfukoni ana nauli tu. Gari la Meru halijajaa, naye anaingia "kucheza mmoja tu". Anashindwa kidogo, kwa mpira mmoja, na anadai marudio. Mara ya pili anashinda! Ndipo kijana wa pale, aliyekosa mipira miwili iliyokuwa imekaa mdomoni mwa shimo, anaposema, "Hebu tuweke kitu kidogo, ndugu yangu, mchezo uwe na ladha." Mchezo wa tatu ukiisha, nauli ya kutoka Meru hadi Maua imekwenda, na ile ya kutoka Chuka hadi Meru inaanza kutamaniwa.

Mtego huo ni wa zamani na uko duniani kote. Dalili yake ni moja, nami ningependa kila mwanafunzi aijue. Mtazame yule anayekosa mipira rahisi, kisha usitazame mpira aliokosa. Tazama mpira mweupe umesimama wapi. Mtu asiyejua kucheza huuacha mpira mweupe popote. Akikosa mara nne na kila mara mpira mweupe ukawa umejificha mahali ambapo wewe huna pa kupiga, huyo hajakosa. Chukua begi lako ukangoje gari nje.

KAGUA MEZA KWANZA

Wengi wetu tukifika mezani hukimbilia fimbo. Anza na meza. Meza nyingi za sarafu zina urefu wa futi 6 au 7, ndogo kuliko zile za futi 9 zinazotumiwa katika mashindano makubwa. Meza nzuri ina jiwe bapa la sleti chini ya kitambaa. Za bei rahisi zina mbao zilizobanwa, na mbao hizo zikishika unyevu huvimba na kuleta vilima ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Njia ya kuvigundua ni kuusukuma mpira polepole sana kutoka upande mmoja hadi mwingine, uwe unakaribia kusimama unapofika mwisho. Mpira wa kasi huficha kasoro za meza. Ukiona umepinda kuelekea shimo fulani, hiyo ni habari ambayo mwenyeji anayo na wewe hukuwa nayo dakika moja iliyopita. Ikiwa meza ina mteremko, mipira ya polepole itakudanganya, basi piga kwa nguvu kidogo zaidi ya kawaida.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kati ya Juni na Agosti ukungu wa mlima hushuka Meru na Embu, nguo zikakataa kukauka, na kitambaa cha meza nacho hunywa unyevu. Mpira unaokwenda vizuri mwezi wa Februari utakwama njiani mwezi wa Julai. Wakati wa kiangazi ni vumbi, hasa kwenye vibanda vilivyo kando ya barabara, na vumbi hilo hukwaruza mipira na kula kitambaa. Mwenye meza anayepiga brashi kila asubuhi anastahili sarafu zako.

Sasa uchukue mpira mweupe mkononi pamoja na mwingine wa rangi, uvilinganishe. Umewahi kujiuliza ni vipi mipira ya rangi ikiingia shimoni hufungiwa ndani ya meza ya sarafu, lakini mweupe hurudi? Mashine haina macho. Mpira mweupe hutengenezwa tofauti: kwenye meza nyingine ni mkubwa au mzito zaidi, kwenye nyingine ni mdogo, na kwenye nyingine una chuma ndani kinachovutwa na sumaku. Tofauti hiyo hubadilisha mchezo mzima. Mpira mweupe mzito ukigonga mwenzake hukataa kusimama, huendelea mbele na mara nyingi huingia shimoni. Ule mdogo na mwepesi husimama upesi na hurudi nyuma kwa urahisi. Ndiyo maana bingwa wa Makutano, Meru, anaweza kufika Embu akacheza kama mgeni kwa nusu saa.

Kwa kuwa tumeishika mipira, hadithi moja ndogo. Mipira ya biliadi, mchezo ambao puli ni mtoto wake, zamani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa mno kwa sababu ni laini kwa msumeno na hazipasuki ovyo. Misafara ya Wakamba ilifika hadi kwa Waembu na Wameru kutafuta pembe, ikaziteremsha Mombasa, na kutoka pwani, hasa kupitia Unguja, zikavuka bahari. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Mwaka wa 1863 kampuni ya Phelan & Collender ya Marekani iliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, na miaka michache baadaye mchapishaji wa Albany aitwaye John Wesley Hyatt akatengeneza mipira ya selulodi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Leo mipira mizuri ni ya plastiki ngumu isiyoshika moto. Ndovu wa Mbuga ya Meru wana maadui wengine, lakini biliadi imeshatoka kwenye orodha.

FIMBO YA UKUTANI

Usione aibu kuchagua fimbo. Zilizoegemezwa ukutani hazifanani. Wachezaji hupenda kuibingirisha juu ya meza, na ikirukaruka wanaikataa. Kipimo hicho ni kizuri lakini hakitoshi, kwani hata meza yenyewe huenda haikunyooka. Inue fimbo usawa wa jicho kama fundi anayekagua ubao, tazama kutoka kwenye kitako hadi kwenye ncha, kisha izungushe. Iliyopinda itajionyesha mara moja.

Uzito wa kawaida ni kati ya gramu 480 na 600, na urefu ni karibu sentimita 145. Mtu wa kawaida atastarehe na iliyo katikati. Vijana wengi hudhani fimbo nzito ni ya wenye nguvu. Sivyo. Nzito husaidia wakati wa kuvunja fungu la mwanzo, lakini kwenye kazi ndogo ya kugusa mpira polepole hukuondolea hisia ya mkono.

Kitu chenye thamani zaidi kwenye fimbo ni kile kipande kidogo cha ngozi kilicho nchani. Kikiwa kimekwisha, kimelainika kama kioo au kimepinduka kama uyoga, hata fimbo ya maelfu ya shilingi itateleza. Ncha iwe na mviringo mdogo mfano wa ukingo wa sarafu, na iwe na ukwaru kiasi cha kushika chaki. Ukipata fimbo ya ukutani iliyonyooka na yenye ncha nzuri, hiyo ndiyo fimbo yako kwa jioni hiyo, hata kama rangi imebambuka.

Chaki ya puli si chaki ya ubaoni, kwa hivyo wanafunzi waache kutoroka nayo darasani. Ile ya mwalimu huteleza na kuwa unga. Hii nyingine ni mchanganyiko wa silika na chembe ngumu za kuleta mkwaruzo, na ilisajiliwa Marekani mwaka wa 1897 na William Spinks na William Hoskins. Paka kabla ya kila pigo, kwa kupitisha kidogo kidogo juu ya ngozi, jinsi mtu anavyopaka mafuta mdomoni. Kuchimba chaki kwa kuzungusha fimbo kama anayetoboa ukuta huacha katikati bila chaki, na katikati ndipo unapopigia.

JINSI YA KUSIMAMA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ukimtazama anayeanza utaona amesimama wima, miguu pamoja, fimbo ameikunja ngumi, na baada ya kupiga anainua kichwa upesi kuona kama mpira umeingia. Mambo hayo manne yanatosha kumfanya alipie meza usiku kucha.

Kwanza simama nyuma ya mpira mweupe ukiwa wima na uamue unakoelekea. Uamuzi hufanywa ukiwa umesimama. Ukishainama ni kutekeleza tu. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia uweke juu ya mstari wa pigo lenyewe, kisha mguu wa kushoto upige hatua mbele na kando kidogo, goti likilegea. Inama mpaka kidevu kikaribie fimbo. Mtu akikusukuma begani kidogo usiyumbe.

Mkono wa mbele uwe daraja. Tandaza vidole juu ya kitambaa, inua vifundo kidogo, na bana kidole gumba dhidi ya shahada ili kupatikane mfereji wa kupitishia fimbo. Daraja liwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye mpira mweupe. Vidole vikandamize kitambaa kwa uzito, maana daraja likitikisika hakuna kitakachokwenda sawa.

Mkono wa nyuma ushike fimbo kama unayemshika kifaranga, asiponyoke na asife. Kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, mkono uning'inie wima wakati ncha inapogusa mpira. Kiwiko ndicho bawaba, na bega halina kazi. Fimbo ilale karibu sambamba na meza. Vuta nyuma polepole, tua kidogo, kisha ipeleke mbele na uiache ipite pale mpira ulipokuwa. Baki umeinama hadi mipira itulie. Hilo la mwisho ni gumu kwa wote, kwa sababu kila mtu ana hamu ya kuona. Lakini kichwa huanza kuinuka kabla ya pigo kukamilika, na fimbo hukifuata.

Mtu mfupi au mtoto asikate tamaa. Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa mwaka wa 1954, alilelewa kwenye ukumbi wa puli wa jamaa yake mjini Manila. Usiku alilala juu ya meza, mchana alipanda juu ya kreti za soda ili aifikie. Mwaka wa 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa mipira 9.

KULENGA NA KUTULIZA MWEUPE

Tazama shimo, kisha mpira unaotaka uingie. Sehemu ya mpira huo iliyo mbali kabisa na shimo ndiyo inayopaswa kuguswa. Kosa la wengi ni kuelekeza katikati ya mpira mweupe kwenye nukta hiyo. Mipira ni ya mviringo, na ukifanya hivyo utagusana na mwenzake kwa upande mnene kupita kiasi, na ule wa rangi utapita kando ya shimo. Badala yake, waza kwamba kuna mpira mwingine mweupe uliokwisha kufika na kuegemea nukta hiyo. Lenga katikati ya mpira huo wa mawazo. Mwanafunzi wa hesabu atafurahi kujua kwamba ukielekeza katikati ya mweupe kwenye ukingo wa mpira wa rangi, ule wa rangi utaondoka kwa pembe ya karibu digrii 30. Jifunze pigo hilo moja hadi ulizoee, na mengine yatapimwa kwalo: nene zaidi au nyembamba zaidi.

Kutia mpira shimoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo puli yenyewe, ni mahali ambapo mweupe utasimama. Ukiupiga katikati kwenye pigo fupi lililonyooka, utagonga na kusimama palepale. Ukiupiga juu ya katikati, utafuata mbele. Ukiupiga chini, ukiwa na chaki ya kutosha na fimbo iliyolala, utarudi nyuma. Umbali ukiwa mkubwa, kitambaa huufanya mweupe uanze kubingirika kabla ya kufika, kwa hivyo hata kuusimamisha tu kutahitaji upige chini kidogo. Anayeanza asijaribu kuzungusha mpira kwa kupiga kushoto au kulia. Pigo hilo lina utamu wake lakini hukupotezea shabaha, na hatakosekana mtu wa kukushawishi ulijaribu mapema.

Kwa kawaida kuna mipira 15: saba ya rangi kamili, saba ya mistari, na mweusi wa namba 8. Mahali pengine ni myekundu na ya manjano. Kabla ya kutia mpira wa kwanza, hesabu kutoka nyuma. Mweusi utaingia shimo gani? Mpira gani utakupeleka hapo? Angalia pia ni upi umefungiwa kando ya ukingo, kwani huo ndio utakaokushinda mwishoni, na afadhali uusumbue mapema. Wachezaji wengi wa mitaani hutia sita kwa mbwembwe kisha wakabaki na mmoja uliokwama, huku mpinzani aliyenyamaza muda wote akisafisha meza bila kizuizi, maana mipira iliyokuwa ikimzuia umeshamwondolea.

Usipokuwa na pa kutia, usipige kwa nguvu ukitarajia bahati. Gusa mpira wako kidogo na uufiche mweupe nyuma yake. Watazamaji hawatapiga makofi. Na kabla hamjaanza, uliza kanuni za hapo. Kuna mahali ambapo kosa humpa mpinzani mapigo mawili, na kuna mahali anachukua mweupe kwa mkono na kuuweka apendapo. Magomvi mengi ya puli ni ya swali ambalo halikuulizwa mapema.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Si lazima kulipa ili ujifunze. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza ya kulia chakula, mdomo ukikuelekea, na kitambaa chini yake isiviringike. Inama kama nilivyoeleza, weka daraja, kisha pitisha ncha ya fimbo ndani ya shingo ya chupa na kuirudisha bila kugusa kioo. Kama huna fimbo, mwanzi mwembamba ulionyooka utafaa. Mara ya kwanza utasikia "kling, kling" kila upande. Dakika 10 kila jioni kwa majuma mawili, chupa itanyamaza. Baba, mama na watoto wanaweza kushindania jambo hili, na nimeona nyumba ambako nyanya ndiye aliyewashinda wote kwa sababu mkono wake hauna haraka.

Wasichana nao wasiachwe nje. Hakuna jambo katika puli linalohitaji misuli. Linalowazuia ni mahali meza ilipo na macho ya waliopo, na hilo ni suala la kuchagua mahali na kwenda wawili au watatu.

Mahali, kwa kweli, ndipo mzazi anapopaswa kuweka nguvu zake badala ya kupiga marufuku mchezo. Tangu sheria ya vileo ya mwaka wa 2010, ile ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia panapouzwa na kunywewa pombe, hata kama amefuata meza tu. Kamari nayo imekatazwa kwa umri huo. Lakini kuna meza kwenye hoteli zisizouza pombe na kwenye baadhi ya vituo vya vijana na vyuo. Nenda naye alasiri, ukatie sarafu wewe. Kama ulikuwa hujawahi kucheza, mwanao atakushinda, na katika muda huo mtazungumza mambo ambayo hayazungumziki mezani mkila ugali. Mwambie pia jinsi ya kukataa dau bila kugombana. Inatosha kusema, "Mimi nacheza ya meza tu," na kumwachia mwenzake fimbo. Atakayeendelea kumshurutisha baada ya hapo anataka pesa, hataki mchezo.

UKITAKA YAKO

Baada ya miezi kadhaa huenda ukataka fimbo yako mwenyewe. Nunua vitu kwa utaratibu huu: chaki nzuri kwanza, kwa sababu ni rahisi na utaiona faida siku hiyohiyo, na ya ukumbini mara nyingi imechimbwa hadi karatasi. Fimbo baadaye. Ya vipande viwili ni rahisi kubeba, lakini hakikisha kiungo kinakaza bila kulia. Gonga kitako chini taratibu na usikilize kama kuna kitu kinachotikisika ndani. Za Kiingereza huwa za mti wa eshi na ncha nyembamba ya milimita 8 au 9, na zafaa mipira midogo. Za Kimarekani huwa za mepo na ncha ya milimita 12 au 13. Nunua inayolingana na mipira ya meza unayochezea, si inayofanana na ya kwenye televisheni.

Kuna wanaomwendea fundi wa mbao awachongee. Eneo hili lina mti mashuhuri, muuru, unaojulikana pia kama mwaloni wa Meru, ambao hutoa samani za kupendeza sana. Lakini kabati na fimbo ni vitu viwili tofauti. Mbao ambayo haijakauka kwa muda mrefu, au ambayo nyuzi zake hazikunyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, itapinda msimu wa kwanza wa mvua. Fundi akikuambia mti ulikatwa mwezi uliopita, agiza kiti.

Ncha ya ngozi ibadilishwe mara inapokaribia kulingana na pete iliyo chini yake. Kazi hiyo inahitaji wembe, gundi na msasa, na mlinzi wa meza mwenye uzoefu ataifanya kwa bei ndogo ukimwomba kwa heshima wakati ambapo hakuna foleni. Fimbo ifute kwa kitambaa kikavu baada ya kucheza, maana jasho na chaki huifanya inate. Usiiegemeze ukutani usiku kucha. Ilaze, au ining'inize. Na ukisafiri nayo kutoka Embu kwenda Meru, usimpe makanga aitie kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Kaa nayo katikati ya magoti.